Barafu Juu ya Rilei

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Kibondo, kipimajoto ndani ya friji ya gari kilisoma nyuzi kumi na moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Ndani ya friji hapakuwa na chanjo. Zilikuwamo chupa za maji, zimewekwa kwa majaribio. Chanjo yenyewe ilikuwa Kasulu, kwenye jokofu la ofisi ya mifugo, na Lusajo alikuwa amekataa kuipakia mpaka gari lithibitike.

Lusajo alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Tukuyu, aliyeletwa huku na mradi wa kuchanja mbwa. Gari lilikuwa gari-nyumba la zamani, lililoachwa kwa mradi na wasafiri wawili waliochoka kuzunguka nalo. Lilikuwa na sinki, jiko la gesi, friji na kitanda. Kwa sababu ya kitanda, vijana wa Kibondo waliliita Gesti, na jina likashika kiasi kwamba hata dereva, Philemon, aliyelisafisha kila jioni kama mtu anayeogesha ng'ombe wa mahari, alilitumia bila kuona haya.

Gesti lilikuwa na betri mbili. Ya mbele iliwasha injini. Ya nyuma, iliyokaa kabatini karibu na friji, iliendesha vitu vya ndani. Injini inapozunguka, altaneta huchaji betri ya mbele, kisha umeme hupita kwenye rilei, kiboksi kidogo chenye swichi inayojifunga yenyewe, na kuifikia betri ya nyuma. Usiku betri ya nyuma huendesha friji. Mchana barabara huirudishia nguvu. Paneli ya jua juu ya paa ilipasuka zamani, kwa hiyo njia ya kuchaji ilikuwa hiyo moja.

Tangu Gesti litoke kwenye maegesho ya masika, njia hiyo ilikuwa haieleweki. Mara mbili walipakia chanjo kwenda Kitanga, na mara mbili friji ilizimika kabla ya kazi kuanza, wakairudisha chanjo mbio Kasulu ndani ya deli, lile sanduku la kubebea vitu vya baridi. Deli lenyewe halikutosha. Barafu yake ilidumu siku moja, na mzunguko wa Kitanga na Nyakitonto ulikuwa wa siku tatu.

"Leo nayo imegoma?" Philemon aliuliza akichungulia mlangoni.

"Kumi na moja."

"Hili gari ni kama mtu. Asubuhi linakuwa zito, likishakula jua linachangamka."

Lusajo aliwasha injini, akaenda nyuma na mita yake, akapima betri ya nyuma. Volti kumi na moja na nukta nane. Betri inayochajiwa husoma kumi na nne. Waliondoka kwenda Kasulu, na waliposimama Makere kununua mahindi ya kuchoma akapima tena, injini ikiwa inazunguka. Kumi na moja na nukta saba. Saa moja na zaidi ya mwendo haikuwa imeingiza kitu chochote.

Fundi Venanti wa Kasulu aliipima betri hiyohiyo saa nane mchana, gari likiwa limesimama juani mbele ya karakana yake, injini ikinguruma. Aliinua mita ili kila mtu aone. Kumi na nne na nukta moja.

"Daktari," alisema, "kila ukija unaniletea mgonjwa mzima."

"Asubuhi halikuchaji."

"Asubuhi sikuwepo. Mimi natibu ninachokiona." Venanti alikuwa amekwisha kubadilisha makaa ya altaneta, fyuzi na betri ya nyuma yenyewe. Kila mara gari liliondoka kwake likiwa zima, na kesho yake likawa bovu. "Nikubadilishie nini sasa? Dereva?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Zuleha, afisa mifugo wa Kitanga, ambaye alikuwa anashuka kwenye bodaboda wakati huo. Zuleha alitokea Urambo. Wanyamwezi na Waha ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumwambia Philemon lolote, na aliitumia.

"Mbadilishe, fundi. Huyu Muha amezoea baiskeli, gari la kitanda limemzidi."

"Wewe Mnyamwezi," Philemon alisema, "babu yako alibeba mzigo kichwani mpaka Bagamoyo. Ungemuuliza kama aliwahi kuona betri."

"Alifika, lakini. Wewe hata Kitanga hufiki."

Kisha Zuleha akaacha utani, akamgeukia Lusajo. Mambo aliyoyasema yalikuwa wazi. Mwezi uliopita mbwa alikuwa ameng'ata watu watatu Kitanga. Mara mbili yeye Zuleha alitangaza chanjo, mara mbili watu wakaacha mashamba wakaja na mbwa wao wamefungwa kamba, na mara mbili akawaambia warudi nyumbani. Mara ya pili mama mmoja, Maximilla, alimwambia mbele ya wote kwamba mara ya tatu wangemkuta anapalilia maharage yake.

"Na huyo ndiye anayesikilizwa," Zuleha alisema. "Asipokuja yeye, hawaji. Kesho matangazo yanasomwa kanisani mwisho wa misa. Katekista Isack ananisubiri nimpigie. Msikitini walishatangaza jana, kwa sharti la 'kama tutathibitisha'. Nikiwaita tena bure, Daktari, hata homa ya nguruwe ikiingia hawatanisikia."

"Misa inaisha saa ngapi?"

"Saa tano na ushee. Baba Paroko hana haraka."

"Kesho asubuhi nitapima," Lusajo alisema. "Gari likiwa bovu."

Venanti alitikisa kichwa. Kesho yeye alikuwa anaimba kwaya.

*

Jumapili kulikucha na ukungu. Gesti lilikuwa limelala nyuma ya ofisi ya mifugo, umande ukitiririka kwenye vioo vyake. Philemon alikuja amejifunga shuka mabegani.

"Mwakeye, Daktari."

"Mwakeye. Washa."

Lusajo alikuwa ameamua kutopima betri peke yake. Betri ni mwisho wa njia, na kupima mwisho wa njia hakuonyeshi mahali njia ilipokatika. Alianza mbele. Kwenye betri ya injini, kumi na nne na nukta mbili: altaneta ilikuwa nzima. Akatambaa ndani hadi kwenye kabati la nyuma, ambako rilei ilikuwa imefungwa kwenye bati la sakafu. Upande umeme unapoingia, kumi na nne na nukta mbili: waya wote kutoka mbele ulikuwa mzima. Upande umeme unapotokea, kumi na moja na nukta nane.

Alirudia mara ya pili akiwa ameshikilia pumzi, kwa kuwa mkono ukitikisika mita husema uongo. Namba zilikuwa zilezile.

"Ni hapa," alisema. "Kati ya skrubu hii na hii. Upana wa kidole."

Philemon aliinama. "Hapana, hiyo inafanya kazi. Sikiliza." Alizima injini, akawasha tena. Ndani ya kiboksi kukasikika mlio mdogo: ta. "Inalia."

"Kila fundi amesema hivyo. Inalia, basi nzima."

"Sasa?"

"Mlango nao hulia. Haimaanishi umefunga."

Zuleha alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Gesti, simu mkononi, chupa ya chai miguuni. "Kwa hiyo mbovu. Tunaibadilisha?"

"Duka la vipuri limefungwa leo. Halafu nataka kujua kwa nini ni mbovu asubuhi tu. Kitu kibovu hakina ratiba." Lusajo aliitazama rilei kwa muda. Kati ya asubuhi na saa nane mchana, altaneta ilikuwa ileile, waya uleule, dereva yuleyule. Kilichobadilika kilikuwa jua. Aligusa bati la sakafu. Lilikuwa la baridi kama bomba la maji. "Nipe chai."

"Unakunywa saa hizi?"

"Nipe kwenye kikombe cha bati. Ya moto."

Alikiegemeza kikombe kwenye ubavu wa rilei, injini ikiendelea kuzunguka, akashika mita upande wa kutokea umeme. Kumi na moja na nukta nane. Chai ilitoa mvuke. Zuleha alianza kusema kitu kuhusu Wanyakyusa na chai, akanyamaza, kwa sababu namba zilicheza. Kumi na mbili. Zikarudi. Kisha mara moja zikaruka hadi kumi na nne na nukta moja, zikatulia hapo.

"Yebaba!" Philemon alisema.

"Imepona kwa chai!" Zuleha alisimama. "Nimpigie katekista?"

"Bado."

"Bado nini? Umeona mwenyewe."

Aliyemjibu alikuwa Philemon, na Lusajo alimwacha aseme kwa sababu alikuwa sahihi. "Labda ameigonga na kikombe. Kitu kilicholegea ukikigonga kinashika. Redio ya mzee wangu ilikuwa hivyo, ilikuwa inasikiliza kofi tu."

Maelezo yalikuwa mawili, basi: joto au mtikisiko. Yote mawili yangeweza kuleta namba zilezile. Lusajo alimwomba Zuleha ufunguo wa ofisi aliokuwa ameachiwa. Kwenye jokofu la chanjo kulikuwa na vipande bapa vya barafu vya kupanga ndani ya deli. Alichukua viwili, akazima injini, akavibana huku na huku kwenye rilei kwa kitambaa, kisha akaketi mlangoni kusubiri.

Ukungu ulikuwa umeinuka. Jua lilikuwa limeanza kupiga bati la Gesti, na kutoka upande wa mjini ilisikika kengele ya kwanza ya misa. Kitanga nako walikuwa wanaingia kanisani. Zuleha alikuwa anatembea kutoka ofisini hadi kwenye gari na kurudi.

"Washa," Lusajo alisema.

Ta. Kumi na moja na nukta nane.

Nje joto lilikuwa limepanda, na kwa siku zote zilizopita Gesti lingekuwa linakaribia kupona. Lilikuwa bovu kwa sababu ya barafu. Lusajo akageuza bisibisi, akaigonga rilei kwa mpini wake, mara moja, mara mbili, kwa nguvu kiasi cha kumfanya Philemon akunje uso. Mita haikusogea.

"Si mtikisiko," Lusajo alisema. "Ni baridi. Humu ndani kuna kitu kinachoganda."

"Kwenye umeme?" Zuleha aliuliza. "Kitu gani kinaganda kwenye umeme?"

Lusajo alizima injini, akatoa nyaya za betri zote mbili, akafungua skrubu mbili za kifuniko cha rilei. Kifuniko kilinyanyuka kwa uvivu, kikivutwa na kitu kizito. Ndani, mahali palipotakiwa kuwa na vipande viwili vya shaba vinavyokutana vikavu, kulikuwa na nta laini ya rangi ya chungwa. Alichukua kidogo kwa ncha ya bisibisi, akanusa. Akampa Zuleha. Zuleha akanusa, akamtazama Philemon.

"Haya ni mawese."

Philemon hakukana. Alikuwa amekwisha kuyatambua kwa rangi.

"Ni ya kwetu," alisema. "Mama hukamua mwenyewe."

"Umepika nini humu, kaka Philemon? Sombe?"

"Niache kwanza, Mnyamwezi." Aliketi kwenye ngazi ya mlango. "Daktari, masika gari lilikuwa linalala. Kwetu chuma kinacholala hupakwa mafuta. Jembe likimaliza msimu linapakwa mawese ndipo linawekwa darini. Panga, cheni ya baiskeli, bawaba. Lisipopakwa, msimu ukifika unakuta kutu. Nilipaka bawaba zote za Gesti. Nilipaka vichwa vya betri. Nikafungua na hiki, nikaona shaba inaanza kuwa nyeusi. Nikasema nisikionee."

"Ulipaka kabla ya safari ya kwanza ya Kitanga?"

"Kabla. Ndiyo." Aliitazama ile nta ya rangi ya chungwa. "Kwa hiyo zile safari mbili ni mimi."

"Ni mawese," Lusajo alisema. Hakulisema kama faraja. Alikuwa amekwisha kuhamia kwenye swali jingine. Alifungua kifuniko cha betri ya nyuma, akaangalia vichwa vyake. Navyo vilikuwa vimepakwa, vinang'aa rangi ya chungwa, na hapakuwa na hata chembe ya ule unga mweupe ambao hula vichwa vya betri za magari yote ya wilaya. "Hapa mawese yamefanya kazi nzuri. Kwa nini hapa hayakuzuia umeme?"

Philemon alifikiri. Ilikuwa dhahiri kwamba swali lile halikuwa mtego, na pia kwamba jibu lake lingetumika.

"Hapa nilikaza kwanza," alisema polepole. "Nilikaza mpaka mwisho, ndipo nikapaka juu. Chuma kilikuwa kimeshakutana na chuma."

"Na kwenye rilei?"

"Nilipaka katikati."

"Basi. Na kila ukizima injini, vile vipande vinaachana, mafuta yanaingia kati, usiku yanaganda. Asubuhi swichi inajifunga juu ya mafuta magumu. Inalia, haigusi. Koili yake, ule waya unaoivuta swichi, ina joto kidogo, lakini bati la sakafu linalinyonya lote. Jua likipiga, yanayeyuka, inagusa. Ndipo tunampelekea Venanti."

"Mgonjwa mzima," Zuleha alisema. Aliitazama simu. "Jamani, wameshafika mahubiri."

Waliisafisha pamoja. Spiriti ilitoka kwenye sanduku la Lusajo, lile la kusafishia ngozi kabla ya sindano. Kipande cha msasa laini kilitoka kwenye kibegi cha Philemon cha kuzibia pancha. Philemon alisugua shaba mpaka ikarudi rangi yake, akaifuta kwa kona ya shuka, akaifuta tena kwa kona nyingine. Alipoulizwa kama imekauka aliipuliza, akaitazama kwenye mwanga, akasema imekauka. Kifuniko kikarudishwa. Nyaya zikarudishwa. Lusajo akavibana tena vile vipande vya barafu huku na huku.

"Tena barafu?" Zuleha alisema. "Washa tu tuone!"

"Nikiwasha sasa itachaji. Mchana imechaji siku zote. Haitanionyesha kitu."

"Daktari, yule katekista anatoka nje kila wimbo kunipigia. Watadhani ana ugonjwa wa tumbo."

"Mwambie asubiri."

Walisubiri. Simu ililia, Zuleha akaipokea, akasema, "Bado, baba, bado kidogo, imba ubeti mwingine," akakata. Philemon alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva muda wote, mkono kwenye ufunguo, bila kuugeuza.

"Washa."

Ta. Mita ikasoma kumi na nne na nukta moja.

Zuleha alikuwa ameshabonyeza namba. Lusajo akainua mkono. "Zima. Tunarudia."

Zuleha alisema neno la Kinyamwezi ambalo hakulitafsiri. Walizima, wakaacha barafu ifanye kazi tena, wakawasha. Kumi na nne na nukta moja. Lusajo aliondoa mita, akazikunja nyaya zake.

"Waje," alisema.

Zuleha aliongea na katekista akiwa amesimama katikati ya uwanja, kwa sauti ambayo ingeweza kufika Kitanga bila simu. Waje kesho saa moja asubuhi, penye uwanja wa ofisi ya kata. Mbwa wote, na paka wanaokamatika. Ndiyo, chanjo ipo. Ndiyo, ameona kwa macho yake. Kisha akasikiliza, uso ukabadilika.

"Anasema Mama Maximilla yuko kanisani," aliwaambia baada ya kukata. "Ameguna kabla tangazo halijasomwa."

Mchana walipakia chanjo, wakapita njia ya Heru Juu kumchukua msaidizi, wakafika Kitanga jua likiwa bado juu. Philemon aliegesha Gesti kivulini kwa makusudi. Alikuwa na chupa yake ndogo ya mawese chini ya kiti, kama kawaida. Kabla ya kulala alipaka bawaba za mlango, akamwonyesha Lusajo chupa, akaifunga.

Jumatatu kabla ya saa moja ukungu ulikuwa mzito kuliko wa Kasulu. Friji ilisoma nyuzi tano. Philemon aliwasha injini. Lusajo alipima rilei pande zote mbili, akiwa amepiga magoti kwenye bati la baridi. Kuingia, kumi na nne na nukta mbili. Kutoka, kumi na nne na nukta moja.

"Vipi?" Zuleha aliuliza kutoka nje. Hakuuliza kuhusu betri peke yake. Uwanjani walikuwa wamesimama watu wachache na mbwa wachache, mbali kidogo na gari, kama watu wanaopita tu.

"Inachaji."

"Niwaite?"

"Waite."

Hakuna aliyesogea. Zuleha aliita tena. Mzee mmoja alimvuta mbwa wake nyuma badala ya mbele. Kisha kutoka upande wa mashamba akatokea mwanamke amevaa koti la kiume juu ya kanga, jembe begani, akivuta kwa kamba ya mgomba mbwa wa manjano asiyetaka kuvutwa. Alipita katikati ya wale waliosimama bila kuwasalimia, akafika mlangoni mwa Gesti.

"Fungua nione," alisema.

"Mama Maximilla, karibu," Zuleha alisema. "Unataka kuona nini?"

"Hilo friji lenu. Mara mbili nimeliona kwa nje."

Lusajo alifungua friji. Maximilla aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akauacha humo kidogo, akautoa, akaushikisha shavuni.

"Linauma," alisema. Akamwinamia mbwa, akamshika masikio. "Huyu anaitwa Sijali. Mchome haraka, nina maharage."

Saa moja na dakika kumi na mbili, Lusajo alimchoma Sijali chini ya ngozi ya bega la kushoto, na Zuleha akampaka alama ya rangi ya buluu mgongoni. Nyuma ya Maximilla yule mzee alikuwa amesogea, mbwa wake mbele.